Mito Kumi na Mmoja Kochini, Mama Mkekani

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na makala haya, nakuomba uinue macho uitazame sebule yako. Ihesabu mito iliyopangwa juu ya makochi. Ukishaihesabu, jiulize swali moja tu: mgeni akipiga hodi sasa hivi nawe ukamkaribisha, ataketi wapi bila ya kwanza kuondoa kitu?

Huenda ukacheka na kusema kwamba hilo ni swali la mtu asiye na kazi. Mimi pia ningalicheka. Lakini swali hilo lilinifika mwaka 1986, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na jibu lake lilinitia aibu ambayo haijanitoka hadi leo, ambapo nimekwisha kustaafu na kuitwa bibi. Ndiyo maana nimeona si vibaya nikusimulie, pengine yaliyonipata mimi yasikupate wewe.

Wakati huo mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika nyumba moja ya Magomeni, mjini Dar es Salaam. Mume wangu alikuwa fundi mitambo kiwandani, akifanya kazi kwa zamu. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisini. Chumba kimoja tulilala sisi pamoja na mtoto mchanga. Cha pili, chenye futi 10 kwa 12, kilikuwa na kazi mbili: mchana kilikuwa sebule, na usiku kilikuwa chumba cha watoto wetu wawili wakubwa. Wengi wenu mnaoishi mijini mnaifahamu hali hiyo bila ya kuelezwa.

Mwaka 1985, baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu, tulinunua makochi kwa mafundi seremala wa Keko: kochi moja la watu watatu na mawili ya mtu mmoja mmoja, mbao zake za mninga na vikalio vyake vya sponji. Wenye umri wangu watakumbuka jinsi vitambaa vilivyokuwa adimu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitenge au kanga ilikuwa haipatikani ila kwa foleni na kwa kujuana. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na pole pole maduka yakaanza tena kuwa na rangi. Mimi niliyekuwa na kiu ya mapambo kwa miaka mingi nikawa kama mtu aliyefunguliwa ghala. Nikanunua yadi 6 za kitambaa cha kahawia, nyuzi za kudarizi nyekundu na za manjano, na gunia la vipande vya sponji. Kwa muda wa miezi mitatu, kila jioni baada ya kazi, nilikata, nikadarizi, nikashona kwa cherehani ya kuazima. Mito ikatoka 11.

Nisikufiche, ndugu msomaji: ilikuwa mizuri. Mitano ilikaa kwenye kochi refu, na mitatu kwenye kila kochi dogo. Niliisimamisha kwa ncha, mmoja ukiegemea mwingine, na ule wa katikati wa kochi refu ukatangulia mbele, nao ulikuwa umedariziwa maneno "Karibu Mgeni". Juu ya migongo ya makochi nikatandaza vitambaa vyeupe vya kufuma. Kila usiku niliiteremsha mito yote nikaifunga ndani ya shuka, tukasogeza makochi ukutani, tukawatandikia watoto godoro. Kila alfajiri, kabla ya kuwahi basi la kazini, nililikunja godoro na kuipanga mito upya, mmoja mmoja, mpaka kila ncha ielekee juu. Watoto walijua kwamba kochi si mahali pa kuchezea. Mume wangu naye, akirudi kutoka zamu ya usiku, alikivuta kiti cha mbao kilichokuwa karibu na mlango akanywa chai yake hapo. Siku moja aliniuliza, "Mama watoto, hivi makochi haya tuliyanunua kwa ajili ya nani?" Nikamjibu kwamba nyumba lazima iwe na heshima yake. Akanyamaza, akaendelea na chai. Nami nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Mwezi Agosti mwaka 1986 mama mkwe wangu alikuja kutoka Muheza kutibiwa goti. Alishuka basini na kikapu cha machungwa mkononi, na kwapani amebana mto. Ulikuwa mto wa sufi. Nyuma ya nyumba yake ulisimama msufi mkubwa. Aliyaokota maganda yalipopasuka, akachambua mbegu moja moja kwa vidole, akaishindilia sufi ndani ya mfuko wa marikani, na juu yake akashona foronya kutokana na kanga yake ya zamani, ya buluu iliyopauka.

"Nimewaletea mto wa kuegemea," alisema. "Ninyi watu wa mjini kazi zenu ni za kukaa."

Niliupokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Kisha nikautazama na kujiuliza: buluu na kahawia, wapi na wapi? Nikauweka kwenye godoro la watoto. Na kwa kuwa mama alilala chumba hicho pamoja na wajukuu wake, yeye mwenyewe ndiye aliyeulalia mto aliotuletea zawadi.

Alikaa nasi siku 9, na siku zote 9 aliketi mkekani. Asubuhi ya kwanza nilimwambia, "Mama, karibu kochini." Akajibu, "Ahsante mwanangu, hapa pananitosha," akaegemeza mgongo ukutani na kuunyoosha mbele yake ule mguu mbaya. Nikajisemea kwamba wazee wa shamba wamezoea mkeka, nisije nikamsumbua. Sikumkaribisha tena. Na kwa kuwa nimeahidi kutokuficha, nakiri kwamba moyoni nilipata hata nafuu, maana makochi yangu yalibaki yamenyooka. Kila alfajiri nilimkuta amekwisha kuamka, akinitazama kimya ninavyoipanga ile mito. Nilifikiri anastaajabia kazi ya mikono yangu.

Jioni ya siku aliyoondoka tulikuwa tunakula, binti yetu wa miaka 6 akasema, "Bibi alikuwa anaogopa mito." Tukacheka. Baba yake akamwuliza mito inaogopesha nini.

"Siku moja mlipokuwa kazini alitaka kukaa kochini," akasema mtoto. "Kisha akasema hapana, yeye hajui kuirudisha kama mama anavyoipanga. Akasema tukae chini tu, mama asije akachoka kupanga mara mbili."

Hakuna aliyecheka tena. Mume wangu aliliweka tonge lake sahanini, akanawa, akatoka nje. Mimi nilibaki nimekaa, na macho yangu yakaangukia ukuta uliokuwa karibu na mkeka. Juu ya chokaa nyeupe palikuwa na alama ya kiganja, kimo cha bega la mtu aliyeketi. Mkono ulioguswa ukuta mara moja hauachi alama ya namna ile. Ule ulikuwa mkono uliowekwa mahali pale pale mara nyingi. Ndipo nilipoelewa. Kila alipotaka kuinuka, iwe kwenda uani, kusali au kumpokea mtoto, mama alijishika ukutani ili alinyanyue lile goti lililomleta mjini. Hatua mbili tu kutoka hapo palikuwa na kochi la mninga lenye mikono ya kujishikia, na maneno "Karibu Mgeni".

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mimi nilikuwa nimeujua mlango tu.

Baada ya hapo nilianza kufikiri juu ya mto wenyewe na kazi yake. Watu wa pwani walikuwa nao kabla ya kochi kujulikana. Katika nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Unguja, mgeni alipokewa barazani, juu ya kibaraza cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta. Mawe ni magumu, na mazungumzo ya barazani ni marefu. Kwa hiyo palitandikwa mkeka au busati, na mgeni akasogezewa takia aegemee. Takia lilikuwa na mapambo yake, lakini mapambo yaliifuata kazi. Mto ulimwendea mgeni. Kwangu mimi mgeni ndiye aliyekuwa akiukwepa mto.

Jumapili iliyofuata niliiondoa mito 7 kati ya ile 11. Mitatu nilimpa jirani aliyekuwa amejifungua, ajiegemeze anaponyonyesha. Minne ikawa mito ya kulalia watoto wangu. Ikabaki minne ya kahawia. Wa tano ukawa ule wa sufi, ambao niliutoa godoroni na kuuweka kwenye kochi dogo la karibu na dirisha. Hapo nikapata ajabu ya pili. Ile buluu niliyoidharau ndiyo iliyokipa uhai chumba kizima. Kahawia yangu, ilipokuwa peke yake, ilikuwa imepooza nami sijui.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo kadhaa, ambayo napenda kukuachia wewe msomaji, hasa kama nawe unaishi katika chumba kisicho na nafasi ya kuchezea.

Kwanza, upangaji uanze na mtu atakayeketi, kisha ndipo mto ufuate. Kwenye kochi la watu watatu mito miwili inatosha, mmoja kila mwisho, ukiegemezwa kwenye mkono wa kochi. Katikati pabaki wazi. Kwenye kochi la mtu mmoja weka mto mmoja tu. Mto ulioshiba unakula inchi 5 au 6 za kikalio. Ukiweka miwili mmoja mbele ya mwingine, mgeni anabaki akining'inia ukingoni kama abiria wa daladala. Ukitaka kuupima mpangilio wako, nenda kaketi mwenyewe. Kama umelazimika kuushika hata mto mmoja kabla ya kuketi, umezidisha.

Pili, kumbuka umbo la watu wako. Mtu mfupi na mzee mwenye mgongo wanafaidika na mto nyuma ya kiuno, kwa sababu kochi lenye kina huwaacha miguu ikielea. Mtu mrefu hauhitaji. Kwa hiyo mto uwe wa kuhamishika, na mgeni aone kwa macho kwamba ameruhusiwa kuuhamisha. Mto uliosimamishwa kwa ncha humwambia asiuguse. Uliolazwa au kuegemezwa ovyo kidogo humwambia karibu.

Tatu, usilazimishe kila mto ufanane na mwenzake. Chagua rangi moja iliyomo tayari chumbani, katika pazia au mkeka, uirudie kwenye mto mmoja au miwili. Kipande cha kanga iliyochakaa pembezoni bado kina sehemu nzima ya kutosha foronya. Kwa mto wa inchi 16, kata vipande viwili vya mraba vya inchi 17 kila upande ili upate nafasi ya mshono; kitambaa chenye upana wa inchi 36 kitakupa foronya moja kwa kila nusu yadi. Ukipenda mto uonekane umejaa, punguza inchi moja, foronya iwe ndogo kidogo kuliko mto wenyewe. Tia zipu au vifungo ili iweze kuvuliwa na kufuliwa. Na kama utadarizi, darizi upande mmoja, mwingine uuache wazi, maana fundo za uzi huchora shavu la mtoto anayesinzia.

Nne, ujue kilichomo ndani. Sponji hufulika, lakini ianike kivulini, kwa kuwa jua kali huifanya iwe ya manjano na kuanza kupukutika. Sufi ni kinyume chake. Nyuzi zake zina uwazi ndani uliojaa hewa, tena hazinywi maji kwa urahisi. Ndiyo maana zamani ilitumika kutengenezea makoti ya kuokolea watu majini. Hata hivyo usiifue, kwa sababu ikilowa na kukandamizwa hushikana mabonge. Ianike juani, igeuze, ipigepige, nayo itafumka tena. Hapa pwani penye unyevu, jua la asubuhi mara moja kwa wiki huzuia harufu ya uvundo. Lakini hadhari: sufi hushika moto upesi mno. Isikae karibu na jiko la mkaa, wala mshumaa, wala mtu anayevuta sigara.

Mama alirudi kwetu mwezi Desemba mwaka 1987. Sikumwambia lolote kabla, na sikujua nitaanzaje kumwomba radhi, maana hakuwahi kunilaumu. Aliingia sebuleni, akasimama, akaiona ile buluu ya kanga yake karibu na dirisha. Aliitazama kwa kitambo.

"Mama, karibu uketi," nikasema, na safari hii nilimshika mkono mpaka kochini.

Akaketi. Akauchomoa mto mgongoni, akaugeuza mara mbili, kisha akauweka chini ya goti lake. Akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. "Sufi ya mwaka ule ilikuwa nzuri," akasema, na hayo ndiyo maneno pekee tuliyowahi kuzungumza juu ya jambo hilo.

Alipoinuka kwenda kusali alijishika kwenye mkono wa kochi, akauacha mto umelala upande, umebonyea katikati. Nilipita hapo. Mkono wangu ulinyooka wenyewe kwenda kuunyoosha, nikaurudisha. Mto ulikaa hivyo hivyo mpaka jioni.

Mama alifariki dunia mwaka 1991. Mto wake ninao mpaka leo, na foronya hii ya sasa ni ya tatu. Ile ya buluu ilipochanika nilihifadhi kipande chake, nikakishona ndani ya foronya mpya mahali pasipoonekana. Sufi nimeiongeza mara moja tu.

Siku hizi naona mambo yamerudi kule kule nilikotoka. Vijana hutazama picha katika simu zao, makochi yamejazwa mito mpaka hayaonekani kikalio, nao huenda dukani wakafanye vivyo hivyo. Siwacheki, kwa sababu mimi niliwatangulia, tena bila simu. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea binti yangu, yule yule aliyetuambia habari za bibi yake. Makochi yake ni makubwa na ya kisasa, na juu yake nilihesabu mito 9. Nikasimama nikitafuta pa kuketi, na nikajikuta nautazama mkeka. Binti yangu alitoka jikoni na sinia la chai, akaniona nimesimama, akaiona mito, na uso wake ukabadilika. Alilitua sinia mezani, akaikumbatia mito minne kwa pamoja akaitupa chumbani kwa watoto. "Kaa, mama," akasema. Sikumwuliza amekumbuka nini.

Basi ndugu msomaji, rudi sasa kwenye sebule yako. Kupamba nyumba si kosa. Mfanyakazi anayeshinda katika kelele za mashine anastahili kurudi mahali penye kupendeza. Lakini leo, kabla hujalala, jaribu kupunguza mto mmoja kutoka kila kochi. Kisha kaa pembeni utazame ni nani katika jamaa zako atakayekuja kuketi mahali ambapo hakuwa akiketi. Kama ni mzee, msaidie kwa mkono. Na atakapoinuka akauacha mto umepinda, tafadhali usiunyooshe mbele yake.